Mawese Juu ya Sufu

Zulia lilipaswa kufunguliwa Jumamosi. Lilifunguliwa Jumanne, na aliyelifungua ni mimi. Sina wa kumsingizia. Binti yangu alikuwa kazini, shemeji yangu alikuwa sokoni, na mimi nilibaki nyumbani nikizunguka kabati ambalo zulia lilikuwa juu yake, limeviringishwa na kufungwa ndani ya plastiki. Nilikuwa kama mtoto aliyeona nguo zake za Noeli zimefichwa mahali anapopajua. Jumamosi familia ya kijana ingekuja kuleta mali, yaani mahari, kwa ajili ya binti yangu, kitinda mimba, na mimi nilitaka kuona mapema sebule itakavyokuwa siku hiyo.

Huku Goma tunaliita tapi. Hili lilikuwa la sufu tupu, zito, rangi ya maziwa, na ukingo wa maua mekundu. Marehemu mke wangu aliuza jibini ya Masisi miaka mingi, na mteja wake mmoja aliyekuwa akirudi kwao ndiye aliyemwachia. Tulipolileta nyumbani, mke wangu alilitandika siku moja tu, akakaa juu yake na mtoto aliyekuwa bado ananyonya, kisha akaliviringisha tena.

"Tapi hii itatandikwa siku watakuja kumuomba huyu," alisema. "Halafu atakwenda nayo kwake."

Nilicheka. Nilimwambia tapi si mtoto, haihitaji kungojea ukubwa. Lakini yeye alilitunza hasa kama mtoto. Kila kiangazi alilifungua uani, akalikung'uta, akaweka majani makavu ya tumbako katikati ili nondo wasile sufu, akalifunga upya. Volkano ilipotoka mara ya mwisho na mji ukakimbilia njia ya Sake, yeye alibeba tapi kichwani na kuacha redio yangu mezani. Niliinung'unikia ile redio njia nzima. Leo sikumbuki hata ilikuwa ya rangi gani.

Basi Jumanne nilipanda juu ya kiti, nikalishusha, nikakata kamba. Harufu ya tumbako ilijaa sebule. Nililitandaza, nikavua viatu, nikatembea juu yake huku na huku. Miguu yangu ilizama. Wakati huohuo rafiki yangu akabisha hodi.

Rafiki yangu huyu ni dereva wa zamani wa malori ya njia ya Kiwanja, na ndiye niliyemchagua awe msemaji wetu Jumamosi. Kwetu, baba wa binti hasemi siku hiyo. Anakaa kimya kama picha ukutani, na mwingine anamsemea. Rafiki yangu alikuwa amekuja tufanye mazoezi ya maneno. Alisimama mlangoni, akaangalia chini.

"Muzee, hapa ni kwako ao nimekosea nyumba?"

"Vua viatu, uingie."

"Nikivua, utajua soksi yangu iko na matundu."

Alivua. Tulikaa chini, juu ya sufu, migongo ikiegemea makochi, kama wakubwa wawili wasio na haja ya viti. Ilikuwa saa ya kula. Binti yangu alikuwa ameniachia sombe, majani ya muhogo, kwenye sufuria, imepikwa na mawese mengi jinsi ninavyopenda. Ningeweza kusema tukale mezani. Meza ilikuwa palepale. Lakini furaha ilikuwa imenipanda kichwani, nikaleta sahani zetu chini.

Rafiki yangu alikuwa akifanya mazoezi. Alisimama, akanyoosha mkono, akasema kwa sauti ya msemaji: "Wageni wetu, mumepotea njia, ao kuko kitu munatafuta?" Na mimi, badala ya kukaa kimya kama baba wa binti, nilipiga makofi. Sahani iliyokuwa juu ya magoti yangu ikageuka.

Sombe ilianguka katikati kabisa, mahali peupe. Tuliitazama. Mafuta yalijitenga na majani taratibu, yakaingia kwenye sufu, mekundu yenye rangi ya machungwa, sufu ikiyanywa kama mtu asiye na haraka.

"Usisugue," alisema rafiki yangu.

Nilikuwa nimekwisha anza kusugua.

Nitaeleza nilichofanya, kwa sababu wengi wangefanya hivyohivyo katika mji huu. Nilichemsha maji. Mafuta yakiganda kwenye sufuria si tunayayeyusha kwa maji ya moto? Nikamwaga yale maji na sabuni ya unga, ile kali inayochubua vidole. Doa lilipokataa kutoka, nilikwenda uani nikachota mchanga mweusi wa volkano, ule tunaosugulia sufuria tangu zamani, ule unaong'arisha hata chungu kilicholala makaani wiki nzima. Nikapiga magoti na kusugua kwa nguvu zangu zote. Nina nguvu bado. Siku ile heri ningekuwa dhaifu.

Nilipoacha, doa lililokuwa la ukubwa wa kiganja lilikuwa limefika ukubwa wa sinia. Na katikati yake, pale niliposugua na mchanga, nyuzi zilikuwa zimeshikana, zimekuwa ngumu na ndogondogo kama nywele zilizoungua.

Rafiki yangu alivaa viatu vyake polepole. "Muzee, sasa ile siyo doa. Ile ni ramani ya Kongo muzima."

Binti yangu alirudi jioni. Alisimama palepale rafiki yangu aliposimama. Ningependelea agombe, maana mama yake angegomba. Yeye aliinama tu, akagusa ile sehemu ngumu kwa kidole kimoja, akaweka mkoba wake juu ya kiti.

"Papa, ulikuwa unatafuta nini kabatini?"

"Nilitaka kuona tu."

"Sasa umeona." Akaiokota plastiki sakafuni, akaikunja. "Tutatandika mikeka. Bakwe hawatajua."

"Wewe utajua," nilisema.

Nilijua kitu kimoja juu ya mtoto huyu. Hakuwa ameomba gauni la bei, wala gari la maua. Alikuwa ameomba tapi ya mama yake iwe chini ya miguu yake siku ile. Mama yake hakuwapo. Tapi ndiyo ingekuwapo. Nikamwambia anipe mpaka Ijumaa jioni. Ikishindikana, nitatandika mikeka kwa mikono yangu mwenyewe. Alinitazama kama unavyomtazama fundi aliyekwisha haribu saa yako anapokuomba umwachie tena.

"Mpaka Ijumaa," alisema. "Lakini hakuna mchanga, Papa."

Kesho yake asubuhi nilikaa kwenye kiti mbele ya doa nikajaribu kukumbuka. Mke wangu alikuwa na makochi yenye vitambaa vya sufu wakati watoto wakiwa wadogo, na watoto walimwaga kila kitu: chai, maziwa, wino, mawese. Madoa yake yalikuwa yakitoka. Kwa nini sikujua alivyofanya? Nilikuwa naishi nyumba ileile, nikisoma gazeti mita mbili kutoka kwake. Nilikuwa nasema: "Mama, achana na hicho kiti, lete chakula." Nimesoma mpaka nikapata diploma ya sekondari, naweza kueleza kwa nini maji na mafuta hayachangamani, lakini sikuwahi kugeuza shingo kuangalia mikono ya mke wangu. Katika mambo yote ninayoyajutia, hilo lilikuwa dogo mpaka wiki ile. Sasa lilikuwa limelala mbele yangu, la machungwa, lenye ukubwa wa sinia.

Nikafumba macho. Nilimwona kwa kuchungulia juu ya gazeti. Alikuwa amepiga magoti. Hakuwa akisugua, mkono wake ulikuwa ukipanda na kushuka, kama mtu anayebonyeza mkate. Kitambaa kikavu. Kisha kulikuwa na kitu cheupe. Kulikuwa na kitu cheupe kwenye vidole vyake, na mimi nilimwuliza kama anapika fufu juu ya kiti.

Fufu. Unga wa muhogo.

Niliinuka haraka hata goti likalia. Kwanza nilibonyeza doa kwa taulo kavu, nikianzia ukingoni kwenda katikati, ili lisizidi kutembea. Kisha nikamwaga unga wa muhogo mpaka doa likafunikwa lote, nikaubonyeza kwa kiganja, nikaondoka. Nilijilazimisha kuondoka. Nilitembea mpaka barabarani, nikarudi; nikasalimia jirani, nikarudi; nikajifanya nina kazi uani, nikarudi. Mwishowe nilichukua kijiko nikakwangua juu kidogo tu.

Unga ulikuwa wa rangi ya machungwa.

Sijui niseme vipi furaha ya unga wa machungwa. Nilimpigia simu rafiki yangu nikamwambia njoo, njoo sasa hivi. Alidhani nimeanguka. Alifika juu ya pikipiki, kofia mkononi, akanikuta nimepiga magoti na kijiko.

"Onja," nilimwambia.

"Mimi nionje nini?"

"Tazama basi. Mafuta yanapanda yenyewe."

Alipiga magoti pia. Alichukua unga kidogo, akausugua kati ya vidole, akanusa. Uso wake ulibadilika. "Iko inatoka," alisema polepole. "Muzee, iko inatoka kweli."

Tulikwangua, tukamwaga mwingine. Tulikwangua huo, tukamwaga mwingine. Kila mara rangi ilikuwa hafifu zaidi, na kila mara tulibishana kama ni hafifu kweli au ni macho yetu. Tulikuwa tunaenda dirishani na vijiko viwili kulinganisha. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye alikuwa mkuu wa jikoni wiki ile, aliingia sebuleni na kuona gunia lake la unga limelegea.

"Ule ni unga wa Jumamosi," alisema. "Wageni watakula nini, tapi?"

"Nitakununulia mwingine, shemeji."

"Dada yangu alikuwa anatumia kikombe kimoja. Ninyi mumetumia gunia. Ni tapi munaponya ao munaizika?"

Lakini hakuondoka. Alisimama nyuma yetu, mikono kiunoni, na baada ya muda akasema, bila kututazama, kwamba maji ya moto yanapika sufu, ni maji baridi tu, na kwamba dada yake alitumia sabuni ya nywele, si ya nguo, kwa sababu sufu nayo ni nywele. Nilimwuliza kwa nini hakusema tangu jana.

"Jana uliuliza nani?"

Alhamisi tuliosha. Sabuni kidogo ya nywele ya binti yangu ndani ya beseni la maji baridi, kitambaa kilichokamuliwa vizuri, bonyeza, inua, bonyeza. Kitambaa kingine chenye maji matupu, bonyeza. Taulo kavu, na sisi wawili wazee tukasimama juu ya taulo tukikanyagakanyaga, ili linywe maji yote. Rafiki yangu akaanza kucheza taratibu huku akikanyaga, nami nikamfuata. Shemeji alitukuta hivyo, akarudi jikoni akitikisa kichwa.

Hapo tukafanya kosa lingine, la wote wawili. Tulilitoa zulia nje tukalitandika juu ya ukuta wa mawe ya volkano, pale tunapoanika mashuka kila siku. Nani Goma haaniki juu ya mawe? Lakini yale mawe yana meno. Shuka linapita juu yake, sufu hainyanyuki. Tulipotaka kulisogeza, nyuzi zilikuwa zimenaswa, na ilibidi tuzitoe moja moja kwa vidole, tukishika pumzi. Tuliitoa meza ya kulia chakula uani, tukaliweka juu yake, na hapo tukaliangalia vizuri katika mwanga.

Mafuta yalikuwa yameondoka. Sufu ilikuwa laini. Lakini rangi ilibaki. Njano, kama chai nyepesi, ya ukubwa uleule wa sinia. Tulibonyeza, tukaosha, haikusogea. Binti yangu aliporudi aliitazama muda mrefu.

"Imekuwa nzuri kuliko jana," alisema. Alikuwa anasema kweli, na alikuwa ananifariji, na sikutaka kufarijiwa.

Ijumaa niliamka na wingu. Nilikunywa chai uani nikiangalia kamba ya nguo, na juu ya kamba kulikuwa na kitambaa cha jikoni cha shemeji. Kitambaa hicho nakijua. Kila siku kinafuta sufuria za mawese, kila jioni ni cha machungwa, na kila wiki ni cheupe tena. Nilimwita.

"Shemeji, kitambaa hiki unakitia dawa?"

"Dawa ya nini? Nakiosha, nakianika. Jua linakula mawese."

Niliweka kikombe chini. Jua. Rangi ya mawese haihimili jua. Nilijua jambo hilo maisha yangu yote bila kujua kwamba ninalijua. Lakini maua mekundu ya ukingo nayo yangeweza kufifia, na hilo lisingekuwa na dawa. Nikachukua boksi la sabuni, nikalikata nikatoboa tundu la ukubwa wa doa, nikalilaza juu ya zulia. Doa tu ndilo lililokuwa linatazama juu, kama uso dirishani.

Kilichokosekana ni jua lenyewe. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima wa Nyiragongo na halikuonyesha dalili ya kwenda. Rafiki yangu alifika, akaliona boksi, akaelewa mara moja, akaanza kulipigia mahesabu wingu kama alivyokuwa akifanya enzi za malori.

"Upepo ukitoka ziwani, itafunguka. Ukitoka Kibati, mlimani, tunalala na doa."

"Unatoka wapi sasa?"

Alilowesha kidole, akakiinua. "Unatoka kwa shemeji yako. Anapepea makaa."

Asubuhi yote ilipita hivyo. Nilitazama juu mpaka shingo ikauma. Halafu, shemeji akiwa anatuita tule, kivuli changu kilitokea ukutani. Sikukiamini mwanzoni. Kikakolea, kikawa cheusi, na jua la Goma, lile linalochoma hata kukiwa na baridi, likashuka juu ya meza yetu.

Hatukula. Tulikaa pande mbili za meza tukilinda. Jua lilipozunguka, tulizungusha meza. Kuku aliposogea, tulimfukuza. Wingu dogo lilipopita, rafiki yangu alilitukana kwa Kinande, kwa Kinyarwanda, na kwa lugha nyingine ambayo nadhani aliitunga. Sikuthubutu kuangalia kupitia tundu kila mara, kwa hiyo tulipeana zamu, na aliyeangalia alikatazwa kusema. Zamu yangu ilipofika alasiri, niliinama, nikaangalia, nikainua boksi polepole.

Sikuweza kuona doa lilikuwa wapi. Nililitafuta. Niliweka mkono, nikauondoa. Rafiki yangu alipita upande wangu, akainama mpaka pua yake ikagusa sufu.

"Liko wapi?" aliuliza.

"Sijui," nilisema, na nikaanza kucheka, na sikuweza kuacha.

Binti yangu alikuta tapi imekwisha tandikwa sebuleni. Alivua viatu. Akatembea juu yake kama nilivyotembea mimi, huku na huku, kisha akasimama katikati, akaangalia chini, kwa maana vidole vya mguu vilikuwa vimegusa pale pagumu. Mahali pa mchanga. Hapo hapakuwa na rangi wala harufu, lakini nyuzi zilikuwa zimekufa, za upana wa kiganja, na jua halifufui nyuzi.

"Hapo ni mimi," nilimwambia. "Hapo hapatatoka. Nilipasugua kama sufuria. Unisamehe."

Alisugua kwa kidole gumba cha mguu, akifikiri. "Basi hapa nitasimama mimi," alisema. "Wakiniita kesho, nitasimama hapa, na hakuna mutu ataona."

Jumamosi nilikaa mahali pangu, suti yangu imefungwa vifungo vyote, mdomo umefungwa zaidi. Rafiki yangu alisema maneno yake vizuri kuliko siku ya mazoezi. Wakwe walisema yao. Mali ikaanza kuingia: vitenge, magunia ya chumvi, sabuni, majembe. Mbuzi walilia nje. Nami nilikuwa natazama viatu, kila kiatu, nikiomba moyoni. Ndipo wakaingia vijana wawili wamebeba bidon, dumu kubwa la njano, wakalielekeza katikati ya sebule, na chini ya kifuniko niliona tone moja jekundu linaning'inia.

Mawese.

"Hapana," nilisema kwa sauti. "Siyo hapo."

Baba wa binti amesema. Amesema hapana. Vijana waliganda, bidon likiwa angani. Msemaji wa wakwe aligeuka kumtazama msemaji wetu, na rangi ikamtoka.

"Wanakataa?" aliuliza mama mmoja wa upande wao.

Rafiki yangu alinitazama. Nilimwona anatafuta maneno kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Kisha akafanya jambo nitakalomshukuru daima: akasema kweli.

"Bakwe, hatukatae kitu. Mimi na huyu muzee tumepiga magoti juu ya ile tapi binti atahama nayo, tangu Jumatano, tukiondoa mawese. Ile bidon ikigusa chini, mutazika bazee wawili leo."

Kicheko kilianzia jikoni, kwa shemeji yangu, kikapita dirishani, kikazunguka chumba kizima. Msemaji wao alikaa chini apate kucheka vizuri. Kisha akainuka, akakunja uso, akasema desturi ni desturi: baba amefungua mdomo, baba atalipa amende, faini ya mdomo wake. Kreti moja ya bia, na zaidi ya hiyo, amfundishe mkwe wake kuondoa doa, maana tapi inahama. Nilikubali yote kwa kichwa, bila kusema. Bidon lilibaki barazani, juu ya saruji.

Ndipo wakamwita. Alitoka amefunikwa kitenge, akitembea taratibu, na katikati ya sebule alisimama kidogo, miguu yake mitupu ikitafuta. Nilijua inatafuta nini. Alipopapata, alisimama imara, kitenge kikainuliwa, na alikuwa anatabasamu, akinitazama mimi.

Jioni, wageni walipoondoka, nililiviringisha zulia na majani mapya ya tumbako ndani. Mkwe wangu alinisaidia kufunga kamba. Nilianza kumweleza: maji baridi, usisugue, unga wa muhogo, jua kidogo, boksi lenye tundu.

"Papa," binti yangu alisema kutoka mlangoni, "sisi tutakula mezani."